Utafiti mmoja hautoshi: Somo la Pemba kwa vyuo vyetu

Na Mwandishi Wetu

AGOSTI 19, 2003, sehemu kubwa ya utafiti uliokuwa ukiendelea kisiwani Pemba ilisimamishwa kabla ya wakati wake. Maelfu ya watoto waliokuwa wakipewa kila siku madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki waliachishwa, kwa ushauri wa kamati iliyopewa kazi ya kuangalia usalama wao.

Kamati hiyo ilikuwa imeona jambo ambalo wengi hawakulitarajia. Watoto waliopewa madini hayo, yaliyokusudiwa kuwaongezea damu na afya, walikuwa wakilazwa hospitalini zaidi kuliko wenzao waliopewa dawa bandia.

Kisa hicho kina zaidi ya miaka 20 sasa, na kwa watu wa afya kimekwisha kuwa historia. Lakini kwa vyuo vyetu vikuu, na hasa kwa wanaofundisha na kusoma mbinu za utafiti katika saikolojia na elimu ya jamii, bado ni somo ambalo halijamalizika.

Swali lililo ndani yake ni rahisi kulitamka na gumu kulijibu: Ni lini tunaweza kusema kwamba jambo lililopatikana katika utafiti ni kweli? Je, ni pale linapochapishwa katika jarida kubwa, au ni pale mtu mwingine, katika mahali pengine, anapolifanya upya na kupata jibu lile lile?

Ili kulijibu swali hilo, hatuna haja ya kuanzia Ulaya wala Marekani. Pemba yenyewe inatosha.

Utafiti wa kwanza na furaha yake

Desemba 2001, jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliofanywa Pemba na kuongozwa na Rebecca Stoltzfus, akishirikiana na wenzake kutoka nchi kadhaa na kutoka Wizara ya Afya ya Zanzibar. Watoto 614 wa umri wa miezi sita hadi 59 walishiriki kwa muda wa mwaka mmoja.

Baadhi yao walipewa miligramu 10 za madini ya chuma kila siku, wengine wakapewa dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu, wengine vyote viwili, na wengine dawa bandia. Waliogawiwa hivyo waligawiwa kwa bahati nasibu, na wala mzazi wala mpimaji hakujua nani amepewa nini.

Jambo lililopimwa halikuwa damu peke yake. Watafiti walitaka kujua kama madini ya chuma yanamsaidia mtoto kukua katika lugha na katika matumizi ya viungo vyake. Kwa hiyo huu ulikuwa, kwa sehemu yake kubwa, utafiti wa saikolojia ya mtoto.

Waliwauliza wazazi: mtoto amefikia hatua gani katika kusema, amefikia hatua gani katika kutembea? Majibu yao yakageuzwa kuwa alama. Kwa lugha, alama za juu zilikuwa 20.

Matokeo yalionesha kuwa waliopewa madini ya chuma walizidi kwa alama 0.8 katika lugha. Katika matumizi ya viungo, faida ilionekana kwa wale tu waliokuwa na upungufu mkubwa wa damu, yaani wale ambao hospitalini wangeambiwa kuwa damu yao iko chini ya tisa. Dawa ya minyoo haikuonesha faida ya uhakika katika lugha wala viungo.

Msomaji wa haraka atachukua sentensi moja tu: chuma huwafanya watoto waseme mapema. Msomaji aliyefundishwa mbinu za utafiti atasimama kidogo.

Ataona kwamba watafiti wenyewe waliandika kuwa faida ya kweli ingeweza kuwa ndogo kama alama 0.2, au kubwa kama alama 1.4. Ataona pia kwamba kipimo ni neno la mzazi, si sauti ya mtoto iliyorekodiwa. Tena ataona kwamba faida ya viungo imepatikana katika kundi dogo ndani ya kundi, na matokeo ya namna hiyo ndiyo yanayohitaji zaidi kurudiwa kabla ya kuaminiwa.

Hakuna hata moja kati ya hayo linaloufanya utafiti ule kuwa mbaya. Ulifanywa kwa uangalifu, na waliouandika hawakuficha mipaka yake. Kasoro huanzia kwa sisi wasomaji, tunapougeuza mwanzo wa safari kuwa mwisho wake.

Utafiti wa pili na mshituko wake

Kisha ukaja utafiti mkubwa. Sunil Sazawal, Robert Black na wenzao, wakiwemo watafiti wa Zanzibar, waliwaandikisha Pemba watoto 24,076 wa umri wa mwezi mmoja hadi miezi 35. Kundi moja lilipewa madini ya chuma na asidi ya foliki, la pili likaongezewa zinki, na la tatu likapewa dawa bandia. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet, Januari 2006.

Watoto waliopewa madini ya chuma, pamoja na zinki au bila zinki, walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kufariki au kupatwa na maradhi mazito ya kuwalaza hospitalini. Kwa vifo peke yake, ongezeko lilionekana kuwa asilimia 15, lakini pengo hilo lingeweza kutokea kwa bahati tu, na watafiti walisema hivyo bila kuficha.

Hapa ndipo penye funzo kubwa. Ndani ya mradi huo huo, kikundi kingine cha watafiti kiliwafuatilia watoto wachanga wa miezi mitano hadi 11, ili kujua lini wanaanza kutembea bila kushikwa. Matokeo yao, yaliyochapishwa nayo mwaka 2006, yalionesha kuwa waliopewa madini ya chuma walianza kutembea mapema kwa takriban siku 15.

Basi kidonge ni kile kile, kisiwa ni kile kile, miaka ni ile ile. Anayepima hatua za mtoto anaandika kuwa kidonge kina faida. Anayehesabu vitanda vya hospitali anaandika kuwa kina madhara. Wote wawili wamesema kweli, kwa sababu kila mmoja amejibu swali alilouliza, wala hakuna aliyejibu swali la mwenzake.

Kwa nini utafiti wa mwaka 2001 haukuyaona madhara hayo? Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme katika kila watoto 100, watoto 10 hulazwa kwa mwaka. Ongezeko la asilimia 12 lina maana kwamba watakuwa 11 na kidogo.

Katika kundi la watoto 300, hiyo ni tofauti ya watoto 30 na 34, ambayo msimu mmoja wa mvua nyingi waweza kuileta au kuifuta. Katika kundi la watoto 8,000, inakuwa tofauti ya watoto 800 na karibu 900. Hapo hata asiyejua hesabu ataona kuwa pana jambo.

Kwa hiyo idadi ya washiriki si urembo wa ripoti. Utafiti mdogo waweza kuona faida iliyo karibu na ukapitwa na madhara yaliyo mbali.

Nepal haikufanana na Pemba

Wakati watoto wa Pemba wakifuatiliwa, utafiti pacha ulikuwa ukiendelea katika wilaya ya Sarlahi, kusini mwa Nepal. Dawa zilikuwa zile zile na mpango ulikuwa wa namna moja. Matokeo yake yalichapishwa katika toleo lile lile la Lancet. Huko, madini ya chuma hayakuongeza vifo wala hayakuvipunguza.

Mtu angeweza kusema kuwa mmoja kati ya tafiti hizo mbili umekosea. Lakini tofauti kubwa kati ya sehemu hizo ilijulikana: Pemba ya wakati ule ilikuwa na malaria nyingi, na Sarlahi ilikuwa na malaria kidogo.

Ndani ya Pemba yenyewe, kikundi kidogo cha watoto kilichopimwa damu na kupewa uangalizi wa karibu kilionesha sura nyingine. Wale waliokuwa kweli na upungufu wa chuma na wa damu walinufaika na madini hayo.

Mwaka huo huo wa 2006, Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF walitoa tamko la tahadhari kuhusu kuwagawia watoto wote madini ya chuma katika maeneo yenye malaria nyingi. Ushauri uliokuwa ukifuatwa duniani kote ulitikiswa na watoto wa Chake Chake, Wete, Mkoani na Micheweni.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Utafiti uliofanywa Ghana na kuchapishwa mwaka 2013, kwa watoto wapatao 1,950 waliokuwa na vyandarua vyenye dawa na matibabu ya karibu, haukuona ongezeko la malaria kwa waliopewa chuma. Tafiti nyingi zilipokusanywa na kupimwa kwa pamoja, jibu likazidi kuwa wazi: hatari inategemea kama malaria inazuiwa na kutibiwa. Mwaka 2016, WHO ikatoa mwongozo unaokubali madini ya chuma katika maeneo ya malaria, kwa sharti kwamba kinga na tiba ya malaria ziwepo.

Na ile faida ya akili iliyowafurahisha wengi mwaka 2001? Nepal, watoto waliopewa madini hayo walipofikia umri wa miaka saba hadi tisa walipimwa akili, na hapakuonekana faida iliyobaki. Bangladesh, utafiti wa watoto wachanga 3,300, uliochapishwa mwaka 2021, haukuona kuwa miezi mitatu ya chuma iliwaongezea alama katika kipimo cha akili.

Huo ndio mwendo wa elimu. Jibu moja lilizaa swali, swali likazaa tafiti tano, na kwa kila hatua tulijua kidogo zaidi kuliko jana. Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia.

Kilio cha wanasaikolojia

Yaliyotokea Pemba katika afya ya mtoto yalikuja kuitikisa saikolojia nzima miaka michache baadaye. Mwaka 2015, watafiti wapatao 270, wakiratibiwa na Brian Nosek wa Chuo Kikuu cha Virginia, walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kazi ya miaka kadhaa. Walikuwa wamezirudia tafiti 100 za saikolojia zilizochapishwa katika majarida matatu yenye heshima.

Katika tafiti za awali, 97 kati ya 100 zilidai kuwa zimepata tofauti ya uhakika. Ziliporudiwa, ni asilimia 36 tu zilizoionesha tofauti hiyo.

Sababu zilizotajwa na wanataaluma ni nyingi, lakini tatu zinajitokeza. Vikundi vya washiriki huwa vidogo mno. Majarida hupenda matokeo yenye habari njema na kuyaacha yasiyo na kitu. Na mtafiti aliyekwisha kuona takwimu zake hupata kishawishi cha kuzikata huku na huku mpaka zitoe jambo la kuchapisha, hata bila nia ya kudanganya.

Ipo na sababu ya nne inayotuhusu sisi zaidi. Mwaka 2010, Joseph Henrich na wenzake waliwakumbusha wanasaikolojia kuwa asilimia 96 ya washiriki wa tafiti zilizochunguzwa katika majarida yao makubwa walitoka katika nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Kanuni zilizoitwa za binadamu wote zilikuwa za wanafunzi wa vyuo vichache.

Tanzania ilikwisha toa ushahidi katika jambo hilo. Mwaka 2002, Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao walichapisha utafiti waliofanya kwa watoto wa shule za eneo la Bagamoyo. Watoto walipewa mitihani ya akili ya aina wasiyoizoea, kisha wakafundishwa kwa muda mfupi namna ya kuifanya, kisha wakapimwa tena. Alama zao zilipanda.

Maana yake ni nini? Ni kwamba mtihani wa kwanza ulipima kwa sehemu ugeni wa mtihani wenyewe. Aliyeishia kwenye alama za kwanza angeandika kuwa watoto wale hawana uwezo, na angekuwa amewadhulumu kwa tarakimu.

Namna tatu za kurudia

Ni vyema hapa tutenganishe mambo ambayo mara nyingi huchanganywa. Kuurudia utafiti kuna namna zaidi ya moja, na kila namna ina faida yake.

Namna ya kwanza ni kuzichukua takwimu zile zile na kuzikokotoa upya. Mfano mashuhuri uko kwa jirani zetu wa Busia, Kenya. Edward Miguel na Michael Kremer walichapisha mwaka 2004 utafiti wa shule 75 uliodai kuwa dawa ya minyoo ilipunguza utoro kwa robo. Mwaka 2015, watafiti wa London walipewa takwimu hizo na wenyewe, wakazikokotoa upya na kukuta makosa kadhaa ya hesabu, hasa kuhusu faida iliyodaiwa kuzifikia shule za mbali.

Mabishano yalikuwa makali, na wataalamu hawajakubaliana juu ya yote. Lakini jambo la kusifiwa ni kwamba takwimu zilitolewa. Bila ya hivyo, kungekuwa na imani tu, hakuna mjadala.

Namna ya pili ni kuufanya utafiti upya kwa watu wengine, kama ilivyokuwa Nepal, Ghana na Bangladesh.

Namna ya tatu ni kuufanya mahali kadhaa kwa wakati mmoja, kwa mpango ule ule. Pemba imeshiriki katika hilo pia. Mchanganyiko wa dawa mbili za minyoo, ivermektini na albendazoli, ulijaribiwa Pemba, Laos na Côte d'Ivoire dhidi ya minyoo mjeledi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2022. Laos walipona asilimia 66, Pemba asilimia 49, Côte d'Ivoire asilimia 14 tu.

Wavivu wangesema dawa imeshindwa Côte d'Ivoire na kufunga faili. Watafiti waliendelea kuchimba, na ikaja kubainika kuwa minyoo iliyokuwa ikiwasumbua watu kule ni ya aina nyingine kabisa, ingawa kwa macho inafanana na hii ya kwetu. Kama dawa ingejaribiwa Pemba peke yake, siri hiyo ingebaki imejificha.

Kisiwa nacho hubadilika

Kuna jambo moja zaidi ambalo Pemba inalifundisha vizuri. Tangu mwaka 2003, Zanzibar ilipoanza kutumia dawa mseto za malaria, na baadaye vyandarua vyenye dawa na upuliziaji wa majumba, maambukizi ya malaria yalishuka sana visiwani, hata yakafikia chini ya asilimia moja ya watu wanaopimwa.

Basi mtafiti atakayerudia leo utafiti wa mwaka 2003 katika shehia zile zile hatakuwa akiwapima watoto wa mazingira yale yale. Akipata jibu tofauti, hatakuwa amewakosoa waliotangulia.

Hili ni onyo kwa wanaochukua matokeo ya zamani na kuyafanya sera ya leo bila kuuliza. Ni onyo vile vile kwa wanaodhani kuwa kila utafiti usiorudiwa kwa jibu lile lile ulikuwa wa uongo.

Vyuo vifanye nini?

Katika vyuo vyetu, somo la mbinu za utafiti mara nyingi huonekana kama kikwazo cha kupita kabla ya kuandika tasnifu. Mwanafunzi hukariri aina za sampuli, huandaa dodoso, hupata ruhusa, hukusanya, hukokotoa, huhitimu. Kila mmoja anatakiwa aje na jambo jipya. Kurudia kazi ya mwenziwe huonekana kama kunakili.

Fikra hiyo inafaa kubadilishwa. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayerudia kwa uaminifu utafiti mmoja uliofanywa nje, kwa Kiswahili, kwa watoto wa Wete au wa Temeke, atakuwa ameitumikia elimu kuliko yule aliyebuni mada mpya na kuuliza watu 40.

Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), ambacho kina kampasi Pemba, kina bahati ambayo vyuo vingi duniani havina. Karibu nacho, pale Wawi, Chake Chake, ipo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000, ambayo kwa miaka mingi imekuwa mwenyeji wa tafiti zinazosomwa ulimwenguni. Semina ya mbinu za utafiti ingeweza kuwa na mifano yake yote ndani ya kisiwa kimoja.

Mambo manne yangefaa kuwa desturi. Kwanza, mpango wa utafiti uandikwe na kusajiliwa kabla ya takwimu kukusanywa, kama ambavyo majarida makubwa ya tiba yamedai kwa majaribio ya dawa tangu mwaka 2005. Pili, idadi ya washiriki ipangwe kwa hesabu, siyo kwa ukubwa wa mfuko. Tatu, vipimo vya saikolojia vilivyotafsiriwa vijaribiwe kwanza, ijulikane vinapima nini kwa mtu anayezungumza Kiswahili chake cha nyumbani. Nne, takwimu zitunzwe, majina yakiwa yameondolewa, ili mwingine aweze kuzikokotoa.

Zipo hoja za kupinga, nazo ni za haki. Fedha za utafiti ni chache, na wafadhili hupenda kugharamia mapya. Mhadhiri hupandishwa cheo kwa machapisho, na majarida hayapendi marudio. Lakini gharama ya kutorudia nayo ipo, isipokuwa hulipwa na watu wengine. Mwaka 2003, kama pasingekuwa na utafiti mkubwa wa kuukagua ushauri uliokuwepo, ingelipwa na watoto, kimya kimya, bila mtu kujua.

Deni kwa waliopimwa

Liko pia deni ambalo halilipwi kwa makala ya kitaalamu. Watoto 24,076 wa mwaka 2003 ni watu wazima hivi leo. Wengine ni walimu, wavuvi, wachumaji wa karafuu, na wengine huenda ni wanafunzi wa vyuo hivyo hivyo tunavyovizungumzia.

Wao na wazazi wao walitoa damu, muda na imani. Walichokipata dunia nzima ni ushauri salama zaidi kwa watoto wa nchi zenye malaria. Wanastahili kuambiwa hivyo, kwa Kiswahili, katika shehia zao, kwa maneno yanayoeleweka: tulitafuta nini, tulikuta nini, tulisimamisha nini na kwa nini.

Mtu aliyeelezwa matokeo ya utafiti wa jana atakuwa na sababu ya kumfungulia mlango mtafiti wa kesho, na atakuwa na haki ya kumuuliza maswali. Jamii inayouliza maswali ndiyo mkaguzi wa kwanza wa utafiti wowote.

Pemba imeifundisha dunia kwamba jibu moja halitoshi, hata likiwa zuri na limepatikana kwa nia njema. Itakuwa ajabu kama somo hilo litafundishwa Baltimore na London, na wanafunzi wa Pemba wakalikosa.